Kopo la Pili la Oili

Mhina,

Darasani kwa watu wazima tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi sijambo, sijui hali yako wewe uliye mbali. Wewe hujawa mbali bado. Uko nyumba ya tatu kutoka hapa unaaga watu, na kicheko chako nakisikia. Na mimi siwezi kuandika kwamba sijambo. Nina hasira, mwanangu, kwa hiyo ukiona herufi zimelala upande usidhani ni macho. Ningekwambia kwa mdomo, lakini najijua. Nikianza nitapiga kelele, majirani watajaa uani, nawe utafanya ulivyozoea: utainamisha kichwa, utasema "Ndiyo, mama," na hakuna hata neno moja litakaloingia. Barua huwezi kuikatiza kwa ndiyo mama.

Asubuhi ulipokuwa unafunga mzigo uliniuliza huku unacheka, "Mama, lile pikapu la Mzee Shemdoe kule Mkumbara nasikia ni kuukuu kuliko Bibi, lori letu. Wakiniambia nilitie yale mafuta mapya ya Ulaya, nitie au nisitie?" Nikakwambia kafukuze mbuzi, wanakula mahindi. Sikucheka. Wakati ule nilikuwa bado sijajua ninayoyajua sasa, lakini hata hivyo sikuona la kuchekesha. Swali lako nitalijibu humu humu, kwa sababu ni swali la maana na hukupaswa kuniuliza kwa mzaha. Mambo ya kufua nguo na kula kwa wakati sitakuandikia. Wewe si mtoto, ingawa leo nimeona bora ungekuwa mtoto, ningekuchapa.

Mjomba wako alikuja mchana. Alikuja na jogoo mkononi, akakaa kwenye kigoda chako, akanywa maji, akasema, "Dada, umezaa mwanaume." Nikamwuliza, huyo mwanaume kafanya nini? Akasema, "Amekubali kulibeba." Alidhani najua! Alidhani mwanangu, mwanangu wa kumzaa, anayekula ugali kwenye sinia langu kila siku, amekwisha kuniambia.

Basi nimejua. Nimejua kwamba kesho saa nne wanakuja wakubwa kutoka Handeni kuuliza ni nini kilichoua injini ya lori la kijiji. Nimejua kwamba wewe na mjomba wako mlikaa ghalani, wawili tu, mkakubaliana uondoke alfajiri kabla hawajafika. Mkutano utaambiwa dereva, ndiwe wewe, alikuwa mzembe, hakuwa anapima oili, na aliposikia wanakuja kumwuliza akakimbia. Hiyo ndiyo safari ya Mkumbara uliyonitangazia kama neema. Mimi nikaenda kukutwangia mahindi ya njiani! Nikawaambia wanawake wanaofua kisimani, kile kisima chetu cha chumvi, kwamba Mhina wangu kapata kazi kwa Wasambaa!

Mwenyekiti wako wa kijiji, kaka yangu, akanieleza taratibu. Ndivyo alivyo Mhando, tangu tukiwa watoto hajanipandishia sauti. Alisema wilayani wakiona kosa ni la dereva, wataleta injini nyingine, maana kijiji hakina hatia. Wakiona kosa ni la uongozi, watasema watu hawa hawajui kutunza mali ya umma, na injini itapelekwa kijiji kingine. "Ni mtu mmoja kwa ajili ya watu wote, dada," alisema. "Na ni mtoto wangu mwenyewe ninayemtoa, si mtoto wa mtu." Akasema hivyo machozi yakimlengalenga, Mhina. Nikashindwa hata kumfukuza. Alipoondoka nikamfungulia yule jogoo kamba. Yuko uani anaparura. Simchinji.

Sasa nitayasema yote toka mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu kesho yatasemwa vingine, na nataka pawe na mahali yamesemwa yalivyokuwa.

Tulipoambiwa tuhame kule bondeni tuje huku tuishi pamoja, mimi mahali hapa nilipajua. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunakuja kuokota kuni. Hapakuwa na maji wakati huo, na ardhi haikunong'onezwa kwamba tunakuja. Nilimwambia mjomba wako jikoni kwangu, nikiwa nasonga ugali, "Kaka, pale hapana maji." Akasema kisima kitachimbwa, serikali imeahidi. Siku ya mkutano Bwana Maendeleo wa wilaya akauliza kama kuna mwenye swali. Swali lilikuwa mdomoni, nalihisi ulimi unaligusa. Lakini kaka yangu ndiye aliyekaa meza kuu, na mimi ni dada yake. Nikatazama miguu yangu. Tukahama. Kisima kikachimbwa mara mbili na mara zote mbili kikatoa chumvi hata ng'ombe wa Wamasai wakanusa wakageuka.

Ndipo tukapewa lori. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamechukuliwa na serikali, na lile gari lililokuwa likibeba singa, zile nyuzi za mkonge, tangu enzi za Mwingereza likaletwa kwetu likawa la kijiji. Tukaliita Bibi kwa sababu ya kukohoa. Watoto walikuwa wakilipigia shikamoo likipita, nawe ulikuwa unawaitikia marahaba kwa honi. Kila siku Bibi alishuka Korogwe mtoni, akarudi na mapipa, na mimi nikasimama kwenye foleni na kijiti changu kuhakikisha mwenye watoto sita hapewi sawa na mwenye mmoja, na hakuna mwenye mume mjumbe anayepita mbele. Watu wamenitukana kwenye foleni ile. Nimeitwa mchawi. Lakini kila jiko liliwaka na kila mtoto alinywa, na hilo lilikuwa kwa sababu ya Bibi, na Bibi alitembea kwa sababu yako. Usiku ulikuwa unalala chini yake na tochi. Mwanamke yeyote hapa mwenye akili zake analijua hilo, ila kesho wataambiwa wasahau.

Halafu akaja yule mzungu wa visima, yule mrefu aliyechomwa na jua mpaka masikio yakabambuka. Kisima cha tatu nacho kikamshinda, masikini, na kwa aibu yake akatuachia makopo mawili ya oili aliyokuja nayo kutoka kwao kwenye baridi. Akasema oili ile haikuchimbwa ardhini, imetengenezwa na wataalamu, ni nyepesi, haigandi, na inaosha injini. Watu wakapigana vikumbo kuyaona makopo. Yalikuwa mazuri kweli, yanang'aa, na mama mmoja akayaomba kabla hayajafunguliwa, yakiisha apewe atie mafuta ya taa.

Jioni ile ulikula kunde hapa kwangu. Nakumbuka vizuri kwa sababu ulisahau kula. Ulisema, "Mama, oili hii si mbaya. Ni nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo penye shida." Nikakwambia nieleze mimi nisiyejua gari. Ukachovya kidole kwenye ule uchafu wa Bibi uliokuwa kwenye kitambaa chako, mweusi, mzito kama lami, ukasema watu wa mkonge walikuwa wakiongeza tu, kumwaga hawamwagi, na uchafu ule umekaa humo miaka na miaka, umeingia palipolika umeziba. "Gari changa litaifurahia oili hii," ulisema. "Lakini Bibi anasimama kwa huo uchafu. Ukiuosha wote kwa mpigo utashuka chini uzibe chujio, oili isipande, injini ikauke." Nikauliza, sasa mzungu hakulijua hilo? Ukasema analijua sana, na amekwambia la kufanya: mfungue chini ya injini mwoshe kwa dizeli, mtie kopo la kwanza, mwende safari chache polepole, kisha mlimwage lote pamoja na uchafu wake, ndipo mtie kopo la pili likae. "Na kama hatuwezi kufanya hayo yote," ulisema, "tusiliguse. Tuendelee na oili yetu nzito ya siku zote, nzito inamfaa mzee." Hayo ni maneno yako, Mhina. Uliyasema kwa sauti safi kabisa, kichwa juu. Nilikusikiliza nikasema moyoni, huyu mtoto ana akili ya kutosha watu wawili.

Kisha ukaja mkutano.

Nani duniani anapigia kura oili? Sisi! Tulikaa chini wote, wazee, vijana, wanawake wenye watoto mgongoni, tukaijadili oili kama tunavyojadili mbegu za pamba. Katibu wa kijiji akasoma maelezo ya mzungu. Aliposoma kwamba lori lisimame siku tatu lioshwe, wanawake wa upande wangu wakaguna, na mimi nikaguna, kwa sababu siku tatu bila maji nazijua zinavyonuka. Aliposoma kwamba kopo zima litiwe kisha limwagwe, eh! Watu wakasimama. "Mafuta mazima yamwagwe? Ya bure kutoka Ulaya?" Akasimama yule bwana wa mashine ya kusaga akasema, na sisi wa mashine je, si wanakijiji? Mashine haina koo? Lori lipewe mawili, mashine ipewe macho?

Na hapo kaka yangu akainuka. Mimi nimemjua kaka yangu kabla hujazaliwa. Alikata mkonge akiwa kijana, akaona wanyapara wanakula nyama na wakataji wanagawana mchuzi, na tangu siku hizo kitu kimoja tu kinamkosesha usingizi: kwamba mmoja ale zaidi ya mwenzake. Siku ya Uhuru alikubeba mabegani kutoka Kwashemshi mpaka Korogwe mjini ukaone bendera, nawe ukamkojolea shingoni, akaendelea kutembea akicheka. Akakuambia uitazame vizuri kwa sababu sasa kila mtu atapata sawa. Hakusema hivyo kwa kujionyesha. Mpaka leo mjane akigaiwa vibaba viwili vya unga, yeye mwenyekiti anachukua viwili. Basi akainuka akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Ndugu zangu, katika kijiji hiki hakuna chombo kitakachokula mara mbili na kingine kikitazama. Kopo moja lori. Kopo moja mashine. Na maji hayawezi kungoja." Wakashangilia mpaka kuku wakaruka.

Kisha akakugeukia wewe. Usije ukaniambia hakukupa nafasi. Akasema, "Ndugu Dereva, una neno?"

Ukasimama. Nilikuwa nimekaa karibu. Nikasema sasa atasema. Ukamtazama mjomba wako, ukatazama chini, ukasema, "Naunga mkono hoja ya Mwenyekiti." Ukapigiwa makofi. Wakasema nyoosheni mikono, mikono ikapanda, na wangu ukapanda. Mimi niliyesikia kila kitu jikoni! Ulipanda wenyewe, kwa mazoea, kwa sababu alikuwa anatutazama. Mkono huu huu unaoandika.

Umekwisha kuona ugonjwa wa nyumba yetu. Ukweli tunaujua, tena mapema kuliko wengine, lakini tunausemea jikoni. Tukitoka nje tunatazama miguu. Watu watakwambia ni heshima, kwetu Wazigua mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye sauti, mpwa hambishii mbele za watu. Nimekulea hivyo na sijutii. Heshima ni kumwamkia, kumpisha kiti, kumlimia shamba akiugua, na uliyafanya yote. Lakini kumwachia mtu unayempenda avunje kitu kinachonywesha kijiji kizima, huku wewe unajua, na unampigia na makofi? Hiyo sijui inaitwaje. Hata yeye hukumheshimu. Ulimwacha aangukie shimoni ukiwa na taa mkononi.

Lililofuata si la kueleza. Ulitia kopo, mkaanza safari. Siku za kwanza Bibi hakukohoa hata kidogo, alikwenda laini, watu wakasema mmeona mafuta ya wataalamu? Mjomba wako akawa anatembea kifua mbele. Wewe ulikuwa huli. Ulikuwa unarudi unachungulia chini ya gari, na chini ya gari palikuwa panadondoka oili ambayo zamani haikuwa inadondoka. Ukamwendea mjomba wako kumwomba lile kopo la pili, walau umwage la kwanza. Lilikwisha kutiwa mashineni. Siku ile kwenye kile kilima cha kutoka Korogwe, mapipa yamejaa, wanawake wanne juu ya mzigo, mshale wa oili ukalala. Ulizima injini pale pale, najua ulizima, Mwajuma alikuwa juu ya pipa akaniambia uliruka chini kabla gari halijasimama sawasawa. Lakini ilikuwa imekwisha kugonga. Ilinoki, kama mnavyosema mafundi, ikafa. Mkafungua, mkakuta chujio limezibwa na lile tope, mlilikwangua kwa kijiko. Wanawake wakashusha maji kwa ndoo, wakayabeba kichwani mpaka hapa, na mapipa mengine yakamwagwa barabarani kwa sababu hakuna wa kuyabeba.

Tangu hapo tunachota kwenye lambo la ng'ombe. Mtoto wa jirani anaharisha. Foleni sina tena, kijiti nimekichoma moto.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mashine ya kusaga mbona inasaga vizuri? Si oili ile ile? Si kopo ndugu yake? Basi kosa ni la dereva! Mhina, wallahi nilitaka kumrushia mtu mwiko. Mashine ile ililetwa juzi, haina uchafu wa kuoshwa, ungeitia hata samli ingesaga. Bibi alikuwa na uchafu wa umri mzima. Hilo hata mimi nisiyejua kushika spana nililielewa siku ile ya kunde. Lakini wewe uliposikia maneno hayo ulifanya nini? Ulinyamaza. Watu wakachukua kunyamaza kwako wakakufunga nako.

Sasa umeona jipya, umeona ni uungwana kubeba. Nani kakudanganya? Najua unavyowaza: mjomba kanilea baba alipokufa, mjomba kanitafutia nafasi ya kujifunza udereva, wanawake wanateseka, basi niende, wao wapate injini. Ni mawazo ya mtu mwenye moyo, sikatai. Ila hebu fikiri kama dereva, acha kufikiri kama kafara. Wakileta injini nyingine, nayo itakuwa imetumika, serikali haina injini mpya za kutugawia sisi. Atakuja mtu mwingine na kopo zuri. Nani atakayejua kilichoua ya kwanza? Vitabu vitasema uzembe wa dereva, dereva kaondoka, basi tatizo limeondoka. Watakaa chini, watapiga kura, wataigawia kopo moja na mashine kopo moja. Tutarudi lamboni, na safari hiyo hatutakuwa na Mhina wa kusingizia.

Halafu wewe. Unadhani Mkumbara ni mbinguni? Ni hapo tu kwenye barabara ya Moshi, watu wanashuka na kupanda mabasi kutwa nzima na habari zao mdomoni. Neno kwamba dereva fulani aliua lori la umma akatoroka litafika kabla hujakunjua mkeka. Mzee Shemdoe atakuvua funguo. Utakwenda Vugiri kubeba majani ya chai kichwani, na leseni yako utaitunza kama picha ya marehemu. Wewe umeisomesha mikono yako, ndiyo mali uliyo nayo. Umempa mjomba wako akaiuze kwa injini ambayo hajaiona.

Sasa swali lako. Ukifika kwenye pikapu lolote kuukuu, la Shemdoe au la mwingine, mtu akija na mafuta mapya ya kutengenezwa akakwambia tia, usikimbilie kusema ndiyo wala hapana. Muulize mwenye gari limekula nini miaka yote na mara ya mwisho limemwagwa oili lini. Fungua, tia kidole, angalia. Kama ni safi ndani na halidondoshi, litie, wala usiogope upya wake, mafuta yale hayakutukosea kitu. Kama lina tope, mwambie mwenye gari kazi yote inayotakiwa, kuosha, kutia, kumwaga, kutia tena, na umwambie kwamba nusu ya kazi hiyo ni mbaya kuliko kutoifanya kabisa. Akikubali yote, fanya. Akitaka nusu, kataa, mwambie ninakaa na oili nzito. Lakini kataa mbele yake, na mbele ya mkewe, na mbele ya abiria kama wapo, kwa sauti ile uliyonayo jikoni kwangu. Akikufukuza kwa hilo, utakuwa umefukuzwa na jina lako lipo.

Hilo ndilo jibu, na wewe ulilijua kabla ya kuniuliza. Ndiyo maana ulikuwa unacheka.

Na sasa la mwisho, niliandike kabla hujarudi. Kesho saa nne mimi nitakuwepo mkutanoni. Watakapouliza ni nini kilichoua injini, nitasimama. Sitakwenda kumtukana kaka yangu, mtu mwema kuliko yeye simjui katika ukoo huu. Nitasema tulipewa makopo mawili ya lori moja, tukaambiwa kazi ya makopo yote mawili, sisi tukagawana kama nyama. Nitasema mwenyekiti alipendekeza, kijiji kikakubali, dereva akaunga mkono ilhali anajua, na mimi mama yake nikanyoosha mkono ilhali najua. Kisha nitasema leteni injini kijiji hiki au msilete, lakini walioiua ile ni sisi sote tuliokaa chini siku ile.

Najua kitakachonipata. Inawezekana injini ikaenda kwingine, na kila mwanamke atakayerudi lamboni na ndoo atalitaja jina langu. Mjomba wako anaweza kuvuliwa uenyekiti, na huenda asinitolee tena salamu mpaka mmoja wetu azikwe. Nimeyafikiri tangu mjomba wako alipoondoka. Naogopa, Mhina. Sijawahi kusema neno mkutanoni maishani mwangu. Lakini siwezi kumwona mwanangu anatoka hapa gizani kama mwizi wa kuku, nami nimekaa nimeshika mdomo.

Barua hii sikuifungia kwenye mzigo wako uisome Korogwe. Nimeiweka juu ya mkeka wako, uione leo. Sikukatazi kuondoka, na ukiondoka sitakulaani, mahindi nimekwisha kuyafunga kwenye kitambaa cha bluu. Ila ujue nitasimama hata ukiwa umekwenda, na wakubwa wataniuliza, mama, huyo dereva mwenyewe yuko wapi?

Gari la alfajiri liache lipite. Keshokutwa kuna jingine, na Mkumbara haihami.

Mama yako,
Mwanahawa